Mwimbaji wa Siku ya Mungu na Mwimbaji wa Siku ya Posho

Ukitaka kunigombanisha na dada yangu mkubwa, huna haja ya kuleta habari za waume wala za shamba. Tuulize tu ni nani aliyefanikiwa zaidi kati ya wale wanawake wawili walioimba katika filamu za Kihindi. Tumelibishania jambo hilo tangu hatujavunja ungo, huko Pweto, upande wa Kongo, na tulivuka nalo mpaka pamoja na masufuria. Sasa sisi ni wanawake wazima wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, wenye mashamba ya mihogo na magoti yanayouma, na bado hatujaafikiana.

Najua wengine wataona ni upuuzi. Laiti ungekuwa upuuzi. Kwa ajili ya ubishi huo, au kwa kile kilichokuwa chini yake, nilimfanyia dada yangu jambo ambalo sijawahi kumwambia padri wetu.

Namwita Yaya, kama tunavyowaita wote waliotutangulia kuzaliwa. Tulipokuwa wadogo palikuwa na mzee mmoja mwenye jenereta na televisheni, na siku mafuta yalipopatikana alituonyesha filamu za Kihindi. Hatukuelewa neno hata moja, lakini tulilia panapostahili. Kisha mke wa mfanyabiashara mmoja kutoka Tanzania akatuambia kwamba wale wazuri tunaowaona hawaimbi. Wanaoimba ni wanawake wengine, wamefungiwa chumbani mbele ya kipaza sauti, na wale wazuri wanakuja baadaye kuchezesha midomo. Mimi nilinuna wiki nzima kwa kudanganywa. Yaya yeye akaanza kutazama filamu akiwa amefumba macho.

Ndiye aliyegundua kwamba sauti nyingi zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, imenyooka, inapanda bila kutetemeka. Ya pili ilikuwa nzito kidogo, yenye mzaha, kana kwamba mwenyewe anatafuna kitu. Majina yao hatukuyajua, tukawapa yetu. Kwa Kiswahili chetu Jumapili ni siku ya Mungu, na Jumamosi ni siku ya posho. Yule wa sauti nyembamba aliimbia wachumba wanaosali, wanaosubiri, wanaokufa na maua nyweleni, kwa hiyo akawa Siku ya Mungu, na Yaya akamchukua. Yule mwingine aliimbia mwanamke wa baa anayemtikisia mabega jambazi, halafu anapigwa risasi kabla filamu haijafika katikati. Akawa Siku ya Posho, na akawa wangu, maana ndiye aliyebaki.

"Wangu anaimbiaka bibi wa ndoa," Yaya alisema. "Wako anaimbiaka banamuke ba mu bar. Nani anakuyaka kuoa mu bar?"

"Na batu bakitoka pale, banapiga miluzi ya nani?" nilimjibu. "Ya wangu."

"Miluzi haiko heshima."

Hivyo ndivyo tulivyobishana. Yeye alihesabu machozi, mimi nikahesabu miluzi. Alisema wake ndiye anayeitwa pakiwa na harusi au kifo, na mimi nikasema wangu anaweza kuimba chochote, ila wanamnyima tu.

Katika sikukuu za parokia watoto walifanya mashindano ya pleibeki. Kaseti inapigwa, nawe unasimama mbele ya watu ukichezesha midomo kama vile sauti ni yako. Yaya alitangulizwa kila mara, kitenge cha mama kikiwa begani, na wanawake walijifuta macho. Alishinda vipande vya sabuni. Mimi niliwekwa mwisho, mabenchi yakiwa yameanza kuondolewa, na mara moja katekista alizima kaseti yangu katikati kwa sababu mabega yangu yalikuwa yameanza kazi. Katekista huyo alikwisha kufariki. Bado sijamsamehe.

Tulipokimbia vita na kufikia Kenani, kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, jioni ya kwanza, chini ya maturubai, Yaya aliimba. Watu wasiojuana walinyamaza wote. Mimi nilikuwa nakoroga uji wa watoto. Toka siku ile jina langu likawa "mdogo wake yule anayeimba," na tulipohamishiwa Mantapala na kuanzisha kwaya, hakuna aliyeuliza nani ataongoza. Yeye alisimama mbele, mimi nikaingia sauti ya pili. Nilikaa humo miaka, nikiitikia.

Kiangazi kilichopita sauti yake ilianza kukwaruza. Nilimsindikiza kliniki, kwa sababu huko wanaongea Kibemba, na chake ni cha kusalimia tu. Cha kwangu nimekipata sokoni Kashikishi, kwenye meza za samaki wakavu, pamoja na matusi yake yote. Muuguzi alimmulika kooni, akamgusa shingo, akaniambia taratibu kwamba koo limechoka na limevimba kidogo. Si jambo la kutisha. Asiimbe wala asipige kelele wiki tatu, anywe maji, kisha arudi aangaliwe.

Yaya alikuwa akinitazama mdomo. "Anasema nini?"

Kwaya ilikuwa irekodi video baada ya mwezi mmoja, ya kwanza tangu tuanze. Wiki tatu zingeisha mapema mno.

"Anasema usiimbe," nilimwambia. "Hata kusema, usiseme sana. Miezi tatu. Kama unaimba, sauti inaweza kuisha kabisa."

Habari ya kurudi kuangaliwa nikaimeza. Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akidhani namwongezea dada yangu mawaidha. Yaya alijishika koo kwa mikono yote miwili. Na mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Huruma ilinijia baadaye, njiani, tena kidogo tu.

Kwa hiyo nikapewa wimbo. Tuliurekodi Kashikishi, nyuma ya duka moja, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kisirudishe mwangwi. Niliimba mara nne. Mwongoza kwaya alivua miwani, akasema hakujua kwamba nina sauti kama ile, na nilitembea hadi kituo cha magari miguu haigusi chini.

Wiki iliyofuata tulikwenda Nchelenge, ufukweni mwa ziwa, kupiga picha zenyewe. Wanawake walikuwa wakianika chisense, dagaa wa huku, mchangani, na mpiga picha alilalamika kuhusu nzi. Mwongoza kwaya akatupanga. Akamshika Yaya mkono, akamsimamisha mbele kabisa, maji yakiwa nyuma yake.

"Sura yako ndiyo batu banajua, Mama," alimwambia. "Hautatoa sauti. Ni pleibeki tu."

Mimi nikawekwa mstari wa pili, nyuma ya mama mmoja mrefu. Yaya aligeuka kunitazama, kama anayeomba ruhusa, nami nikamwashiria aendelee. Ningefanya nini? Wimbo wangu ukapigwa kwenye spika, naye akachezesha midomo. Hakukosea silabi hata moja. Nilikuwa nimeiba nafasi ya mtu, nikajikuta yule mwanamke wa chumbani ambaye hakuna anayemwona.

Video ilikwenda simu hadi simu, Mantapala, Kashikishi, mpaka Kilwa, kisiwa cha ziwa letu. Siku moja mchuuzi kutoka huko alisimama mbele ya meza yangu, akaniruka kama mtungi mtupu, akamkumbatia Yaya aliyekuja kunisaidia kufunga samaki. Yaya akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole, akagusa mdomo wake kisha wangu. Yule mama akacheka, akamsifu kwa unyenyekevu. Nilikasirika, na hasira zote zilikuwa juu ya Yaya, niliyemwibia.

Nyumbani nilijilipizia kwa ubishi wetu wa zamani. Kwenye simu yangu nimegundua kwamba dunia nzima inawabishania wanawake wale wawili. Wapo wanaohesabu nyimbo, wapo wanaohesabu tuzo, na wapo wanaotukanana kabisa. Nilimsomea Yaya yale ya upande wangu tu. Kwamba wangu alianza na mabaki na bado akafika. Kwamba wangu hakuzeeka sauti. Yeye alikuwa na daftari la shule la kuandikia majibu, na mwanzoni aliandika kwa nguvu, "Uongo," akipigia mstari. Baadaye akawa anaandika kidogo, kisha akawa ananisikiliza tu huku akimenya mihogo. Nilishinda kila siku, na ushindi ule haukuwa na ladha hata kidogo.

Wiki ya kumi, nikiwa katikati ya kusoma, alinisogezea daftari. Alikuwa ameandika: "Kama ni ule ugonjwa mubaya, usinifiche. Infirmiere wa kliniki alikwambia nini ya kweli? Kitenge changu cha korali nimeshapasi. Ku maziko yangu uimbe weye."

Nililisoma neno lile, kitenge, mara mbili, tatu. Dada yangu alikuwa amekaa wiki kumi akijiandaa kufa, na nguo ameipiga pasi, na mimi nilikuwa namsomea habari za tuzo.

"Yaya," nilisema, "ilikuwa wiki tatu. Haikukuwa miezi. Hauna ugonjwa mubaya. Nilikudanganya juu nilikuwa nataka ule wimbo."

Aliweka kisu chini. Kisha sauti ikatoka, yenye kutu mwanzoni, halafu nyeupe kabisa.

"Siku ya batizo ya mujukuu wangu nilifunga kinywa," alisema. "Batu bote banaimba, miye nimefunga kinywa."

Akainuka, akaenda zake. Siku mbili hatukupika pamoja. Watoto walituuliza kuna nini, kila mmoja wetu akasema hakuna kitu. Sikulala vizuri, sikula vizuri, na nilistahili.

Siku ya tatu alikuja asubuhi, nikiwa napakia samaki. Hakunisalimia. Aliiweka simu yake juu ya gunia, akaifungua ile video, akaigeuza kifudifudi ili tusione picha.

"Sikia," alisema.

Tukausikiliza wimbo wote. Ulipokwisha akauliza, "Ni nani ule?"

"Ni miye, Yaya."

"Apana. Ni miye." Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi. "Fasi yote yenye minapumuzikaka, na weye unapumuzika. Fasi yenye minavutaka neno, unalivuta. Ndiyo maana hakuna mutu aliona kama midomo iko yangu na sauti iko yako. Miaka yote ile unanipigia kelele juu ya ule wako wa siku ya posho. Umepata fasi, umeniiba fasi, na mu fasi yangu ukaimba miye. Sauti ya kwako ulipeleka wapi?"

Akachukua simu yake akaondoka, nami nikaendelea kupanga samaki waliokwisha kupangwa.

Hakumwambia mtu nilichofanya. Kwa mwongoza kwaya alisema amepona, ila kusimama mbele hataki tena, atakaa sauti ya pili. Walimbembeleza, akakataa. Kwa hiyo siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mimi, peke yangu mbele, watu wote wakiniona kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Yeye alikuwa nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Niliitafuta ile sauti nyingine, yangu, ya mzaha na mabega, ambayo katekista aliizima. Mwongoza kwaya alinipa ishara, akanipa tena mara ya pili. Nikafungua mdomo, na iliyotoka ilikuwa ya Yaya.