Mwende na Neno la Wayunani

Mtu asikuambie nilikuwa na homa, au kwamba niliota. Ilikuwa mchana kweupe, baada ya chakula, huku Jeddah, na nilikuwa nakatakata vitunguu.

Madam alikuwa amenitoa kwake Riyadh nije nimtunze baba yake, mzee wa Kizanzibari aliyefundisha historia maisha yake yote. Kule alibaki Mwende, msichana wa Kitui, na kazi ya watu wawili.

Basi nikainua macho, nikamwona Mwende ameketi kwenye kiti cha jikoni. Aproni imelowa, miguu peku. Niamini.

"Mwende! Umekuja na nani?"

"Nimekuja kukaa kidogo tu, dada. Nimechoka." Akaangalia mikono yake. "Mwambie mama nimemaliza."

Mzee alikuwa anapita na mkongojo wake, akachungulia mlangoni. "Nani huyo mgeni, mwanangu? Mpe maji."

Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyemwona, unanielewa? Nikageukia friji. Niliporudi na gilasi, kiti kilikuwa kitupu, na mlango wa nje umefungwa kwa ufunguo.

Hapo simu ikalia. Ni madam, analia. Mwende alikutwa asubuhi ile kwenye chumba cha kufulia, amekaa sakafuni, ameegemea mashine. Alikuwa ameshakufa.

Nilipomweleza mzee, aliegemea mkongojo wake. Kisha akasema, "Wayunani wa kale walikuwa na neno la kuwaita wafu: kamontes. Latokana na kitenzi cha kufanya kazi mpaka nguvu zikaisha. Wengine wasema maana yake ni waliomaliza kazi. Wengine wasema ni waliochoshwa nayo."

"Na wewe unasemaje, baba?"

"Siku zote nilifundisha hiyo ya kwanza." Akafuta macho. "Leo sijui."

Mwili ulikawia sana kufika Kitui. Mama yake nilimpigia mimi. Nilipomwambia, "Amesema amemaliza," aliuliza jambo moja tu: "Alikuwa amekula?"

Tangu hapo siwezi kukaa peke yangu jikoni mchana. Mzee huja kukaa nami.

Wewe uliye na dada au binti huku, nisikilize. Akikupigia akisema amechoka, usimwambie avumilie. Fanya juu chini arudi nyumbani angali anatembea kwa miguu yake.