Ushuhuda Niliomtolea Mwanangu

Msinionee huruma. Kosa ni langu, wala hakuna aliyenituma.

Binti yangu Upendo alikuwa na miaka sita alipogundulika ana saratani ya damu. Kwa dawa kali za hospitali nywele zilinyonyoka, mdomo ukajaa vidonda. Lakini Mungu si Athumani, vipimo vikaanza kusoma vizuri, tukaruhusiwa kurudi nyumbani Tabata na vidonge vya kumeza na tarehe za kliniki.

Nesi alinishika mkono. "Mama Upendo, damu kuwa safi siyo kwamba ugonjwa umeisha. Anaendelea na dawa zaidi ya miaka miwili. Usije ukakatisha, nakuomba."

Nikaitikia. Loo, kuitikia ni rahisi!

Jumapili nikampandisha madhabahuni. "Mwanangu amepona kabisa!" Kanisa zima vigelegele! Jamani, napenda kushangiliwa, sifichi. Tangu siku ile nikawa mfano wa imani, kina mama wananiletea watoto wao niwaombee.

Sasa aliyepona kabisa anaendaje kliniki? Nikikutana na waumini njiani niwaambie nini? Tarehe ya kwanza ikapita, nikajiambia nitaenda nyingine. Vidonge nikavificha kabatini, maana wageni walikuwa hawakauki. Halafu nikaacha kumpa. Mtoto anaruka kamba, nywele zimeota, nikaona nesi alikuwa anakuza mambo.

Kisha akaanza kulalamika miguu inauma. Damu ikamtoka puani, haikatiki. Nilipombeba kumrudisha hospitali nilishajua.

Daktari hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alisema ugonjwa umerudi, na safari hii ni mbishi. Tunaanza upya kwa dawa kali zaidi, na hawezi kuniahidi kitu.

Nikampigia mchungaji nikamweleza yote. Akashangaa. "Sasa mama, nani alikukataza hospitali? Mimi mwenyewe nakunywaga dawa za presha!"

Hakuna aliyenikataza. Hakuna hata mmoja! Nilimwogopa mtu ambaye hayupo.

Jana Upendo alikuwa kwenye dripu, akaniuliza taratibu, "Mama, kwani kanisani tulidanganya?"

Nikamwambia ni mimi niliyedanganya, siyo yeye. Akageukia ukutani. Naumia sana.

Wazazi wenzangu, shukuruni kwa sauti yoyote mnayotaka, lakini mtoto ameze dawa mpaka daktari aseme basi. Mimi nilipigiwa vigelegele. Anayechomwa sindano ni mwanangu.