Gerson na Mwamba Uliotakiwa Mkavu

Kuolewa na mchimba visima ni kazi, na mimi Theodora sioni haya kulisema. Gerson alinioa tukiwa vijana, tukajenga hapa Ipuli, na tangu hapo nimefua matope ya mkoa mzima wa Tabora. Alikuwa akishuka kwenye lori mwekundu kuanzia kope hadi kandambili. Namjia juu, naye anacheka tu. "Mama Festo, leo wamepata maji," anasema, na hasira zinaniisha zenyewe. Nazitamani siku zile. Tulikuwa na nguvu, na kila kijiji alichokichimbia kilimrudisha na karanga, kuku, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutosha msimu mzima.

Kijiji kimoja tu kilimshinda, nacho ni kwao. Mama yake, Getruda, anaishi upande wa Puge, juu ya mwamba mtupu. Kila Gerson alipopeleka mashine kule, ilitoa unga mkavu. Mama akaendelea kuchota kwenye kisima cha bondeni, ndoo kichwani, kwa njia ambayo babu yake mpagazi aliipita na meno ya tembo begani. Gerson alistaafu na donge hilo moyoni. Alitaka mama apate maji ya karibu kabla hajafa, na mama naye alikuwa harudi ujanani.

Ndipo akaja Recheli. Ni binti mtaalamu wa miamba, kiongozi wa timu inayotafuta mahali pa kuzika mabaki ya mafuta ya nyuklia, yale yanayobaki mitambo ya umeme ikishayatumia. Kwetu mitambo yenyewe bado ni hadithi, lakini wanasema pa kuzikia patafutwe mapema, maana uchafu ule unabaki na hatari maelfu ya miaka. Unataka mwamba mzima, chini sana, usio na ufa wala maji, kwa sababu maji yakipita huko yanaweza kuibeba sumu na kuileta juu. Na mwamba mkavu kuliko yote waliyoambiwa ulikuwa wa mama mkwe wangu.

"Shikamoo mama," akaniamkia mlangoni. "Nimekuja kumwomba mzee atuchimbie."

Nikaitikia marahaba kwa mdomo wa pembeni. Nilijua mzee atakubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Kule Puge, mashine ya timu ya Recheli ilitoa mawe marefu ya mviringo, kama michi ya kutwangia, na Recheli akayapanga kwenye masanduku na kuyapapasa akitafuta nyufa. Hakuziona. Binti akawa anang'aa, mume wangu akawa ananyong'onyea. "Safari hii wanashangilia ukavu," aliniambia Jumamosi moja, na hakuna aliyecheka.

Siku niliyompelekea nguo, mashine ikagonga ufa. Maji waliyokuwa wakiyasukuma chini kupoza chuma yakarudi mengi kuliko waliyoyapeleka, halafu yakaanza kuja yenyewe. Gerson akafanya alichofanya maisha yake yote: akazima mashine, akawaita kinamama. Alisahau kabisa kwamba hapa maji ni habari mbaya. Kinamama wakaja na vigelegele na ndoo, na kwa desturi ya visimani mkubwa wa kazi lazima alowe. Wakammwagia Recheli maji ya tope kichwani. Binti akasimama anachuruzika, mwamba wake umeharibika mbele ya macho yake, na wale wanamchezea ngoma. Kusema kweli nilimwonea huruma.

Alijifuta uso, akamwambia Gerson taratibu, "Mzee, kanuni unaijua. Tukimaliza, kila shimo linajazwa saruji mpaka juu."

Gerson akainama kukusanya spana zake. Tuliporudi Ipuli akawa hali chakula, anakaa uani anatazama kuku. Nikamwashia moto. "Baba Festo, nenda ukaombe wasilizibe."

"Niombe nini? Kanuni niliijua tangu mwanzo."

Basi nikampigia Recheli mimi mwenyewe, na mdomo wangu hauna breki. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. "Mama, nimeshaomba," akasema. "Nimeomba tangu siku ile niliyomwagiwa maji. Tuwasubiri wakubwa."

Wakubwa hawakuwa na haraka. Mwishowe wakaamua kwamba mwamba ule haufai tena kuzikia kitu, kwa hiyo shimo lizibwe kutoka chini hadi karibu na ule ufa, na sehemu ya juu waachiwe wanakijiji. Maji yakapimwa, yakaonekana yanafaa. Pampu aliifunga Gerson mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu akikaza nati huku analia.

Siku ya kufungua, mama Getruda alikataa kusaidiwa. Akapampu, akajaza ndoo, akajitwisha, akatembea mpaka kwake, pale pale jirani, akaitua. Tukapiga makofi. Yeye akasimama mlangoni, ameduwaa.

"Nimefika upesi," akasema. "Njiani huwa naongea na Dafrosa."

Dafrosa alikuwa dada yake. Walichota pamoja tangu usichana, na amekufa siku nyingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba walikuwa bado wanaongea.

Gerson alimtazama mama yake, kisha akachukua ndoo nyingine, tupu. "Twende kile cha bondeni, mama," akasema. Wakashuka polepole, mama akitangulia, na njia ilipokunja, kabla hawajapotea kwenye miti, nikaona midomo ya mama imeanza kucheza.