Mshono Usiofunguka

Ramazani bin Shafii alishona majoho Ujiji kwa miaka thelathini, na si majoho ya kubahatisha. Darizi yake ya nyuzi za dhahabu ilijulikana mpaka ng'ambo ya ziwa, na aliyekuwa nayo hakukosa kugeuza shingo msikitini ili jirani aione vizuri. Ukimwuliza siri ya kazi yake, angekwambia ni subira. Uongo mtupu. Siri yake ilikuwa macho. Mtu yule aliweza kutia uzi kwenye sindano huku akigombana na mteja.

Kisha macho yakaanza kumkimbia. Kwanza alilaumu uzi, akalaumu sindano za Wahindi, akalaumu moshi wa jikoni, mwisho akamlaumu mkewe Sikuzani, ambaye hata sindano haikumhusu. Siku aliposhona jani la darizi juu ya jani jingine, alikunja mkeka wake, akawaambia watu kwamba mji umemchosha, akapanda mtumbwi na mkewe kwenda Rumonge kwa mama mkwe. Ukweli aliujua Sikuzani peke yake.

"Waambie tu," Sikuzani alimshauri. "Macho si wizi."

"Niwaambie wanipe pole kutwa? Fundi akishaanza kupewa pole, amekwisha."

Alikuwa na kiburi mzee huyu, tusimfiche. Lakini kiburi hakichemshi chungu, na kukaa kwa mkwe bila kazi ni kula huku matonge yako yakihesabiwa. Kwa hiyo aliposikia kwamba Bibi Biasha anatafuta mshona magunia, moyo ulimruka. Magunia hushonwa kwa shazia, sindano nene ndefu kama kidole, yenye tundu ambalo hata kwa kupapasa utalipata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akajisemea, akavaa kanzu yake kuukuu kuliko zote akateremka ufukweni.

Bibi Biasha, mjane wa Hadji, alikuwa akipeleka ndagala wakavu, dagaa wa ziwa lile, na maharage kwenye boma la Wadachi kule Usumbura. Ramazani alimkuta ameketi mlangoni pa ghala.

"Amahoro, muzee. Weye ndiye unataka kazi ya magunia?"

"Ndimi, Bibi."

"Umeshona wapi?"

"Hapa na pale. Viraka, mifuko. Nashonashona tu."

"Ule wa mwisho alipata bibi mupya kule Nyanza, akaniachia magunia mudomo wazi. Miye nataka mutu wa kukaa."

"Nitakaa."

"Wote wanasema hivyo. Haya, nione mukono."

Wapagazi wakamwekea gunia la ndagala. Ramazani alikunja miguu, akabana pindo la gunia kwa kidole gumba cha mguu, akaanza. Alikuwa amekusudia kushona ovyo ili asijulikane. Mkono ukakataa. Ulikwenda wenyewe, mshono baada ya mshono, kila mmoja ukirudi nyuma kidogo kuushika mwenzake, na mwisho fundo likazama ndani lisionekane. Alipomaliza alijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu atoke Ujiji.

Nasoro, mnyapara wa ghala, akaja akashika ncha ya uzi akavuta. Gunia halikufunguka. Akavuta kwa mikono miwili, gunia likamfuata sakafuni kama mbuzi asiyetaka kuuzwa. Wapagazi wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Muzee, umefanya nini?" Nasoro akauliza huku akihema. "Kule boma wanafungua kila gunia, wanaangalia ndani, gunia tupu linarudi hapa. Uzi unavutwa mara moja, basi. Huu mushono inataka kisu, na kisu inaua gunia!"

Bibi Biasha hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole juu ya mshono, akaingia ndani. Alirudi na joho jeusi la marehemu mumewe, akalilaza juu ya gunia.

"Angalia fundo la joho. Sasa angalia fundo la gunia. Iko mukono mumoja." Akamkazia macho. "Weye ni Ramazani wa Ujiji. Mbona unanidanganya?"

Ramazani akataja uzee, akamtaja mama mkwe, akataja hewa nzuri ya Rumonge. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia papo hapo.

"Kazi ya magunia sikupi," Bibi Biasha akasema. "Si kama hauijui kazi. Unajua kupita kiasi. Idi ikikaribia tajiri atakuita, utaniacha kama ule wa Nyanza. Lakini joho hili panya wamelitafuna begani. Ulitengeneze. Hiyo ndiyo kazi ya mutu kama weye."

Akafungua kikopo, akampa sindano nyembamba na uzi wa dhahabu.

Ramazani alilamba uzi, akausokota, akausogeza. Ukapita kando. Akageukia mwanga wa ziwa, akajaribu tena, ukapita kando. Mara ya tatu wapagazi waliacha kucheka. Alisikia joto la aibu likimpanda shingoni, akatamani mtumbwi wowote, wa kwenda popote.

"Bibi, silioni tundu," akasema. "Huu mwaka wa pili. Tajiri akiniita leo nitamshonea nini? Sindano ninayoiweza imebaki shazia."

Akainamisha kichwa kungoja pole. Pole haikuja.

"Kumbe!" Bibi Biasha akasema, na uso wake ukakunjuka. "Basi hautaondoka."

Maneno yale yalimchoma kwanza. Kisha akayageuza moyoni, akaona ni kweli, akaanza kucheka peke yake. Aibu aliyoificha miaka miwili ndiyo iliyomdhamini.

"Muficha uchi hazai," Bibi Biasha akaongeza, akikunja joho na tundu lake la panya. "Nasoro, mufundishe mushono wa kufunguka."

Basi fundi wa miaka thelathini akakaa chini kufundishwa na mnyapara, kitanzi ndani ya kitanzi, kila kimoja kikingoja kuachiwa na mwenzake. Magunia matatu ya kwanza yaligoma. La nne alilivuta mwenyewe: uzi ukakimbia wote, mdomo ukaachama, ndagala wakamwagika miguuni pake. Wapagazi wakapiga kelele, na yeye akapiga kelele nao.

Alasiri alirudi nyumbani akinuka ndagala. Sikuzani alimpokea mlangoni, akamtazama usoni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakakupa pole?"

"Wamenipa kazi."