Kichupa Nilichokijaza

Jumamosi mjukuu wangu alikuja kwangu Unyambwa na kichupa cha maji mekundu kama juisi ya choya. Alinieleza kwamba ndani mna chembe za dhahabu zisizoonekana kwa jicho. Kila moja ameivisha koti jembamba ili zisishikane, na siku moja zitumike kunasa ugonjwa ndani ya damu. Jumatatu iliyofuata walimu wake wangetaka kuziona moja moja kwenye hadubini; zikishikana, kazi yake ya mwaka mzima imepotea. Chuoni kulikuwa na joto, akaniomba nikiweke karibu na mtungi.

Jumapili alikwenda Mandewa kuchukua hadubini aliyoazimwa. Nikaona maji kichupani yako chini ya mstari uliochorwa ubavuni. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kikiwa na pengo. Nikasema bismillahi, nikajazia maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Sijakaza kifuniko, wekundu ukageuka zambarau, kisha bluu iliyopauka.

Sikutulia. Niliswali adhuhuri nikapotea rakaa, nikaanza upya. Nilikitikisa, nikakiacha, nikatoka mlangoni, nikarudi. Nikawaza kusema ni joto; mimi, niliyefundisha watoto madrasa hadi meno yakaniishia.

Aliporudi na kuniamkia nilimweleza yote kabla ya marahaba. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu ni maji ya kisima au ya bomba.

Akaweka tone la kichupani kwenye kioo cha hadubini, akawasha taa ya pembeni, akaniita nichungulie. Gizani niliona mabonge ya rangi ya chungwa yakijikokota. Kisha akaweka tone alilokuwa amelichota jana yake kwa majaribio. Subhanallah! Nukta za kijani, kila moja peke yake, zikihangaika huku na huku bila kutua.

"Nani anazisukuma?"

"Maji yenyewe, bibi. Hata yakituama, ndani hayatulii."

Nikauliza kama tone hilo litamtosha kesho.

"La kuonyesha linatosha. Lakini koti langu halihimili chumvi, bibi, na damu ya mtu ina chumvi kushinda hicho kisima chako. Nikinyamaza nitakuwa nimewadanganya."

Jumatatu aliwaonyesha walimu matone yote mawili. Hawakumpitisha, wakamtaka azivishe upya. Aliponipigia simu nilisema alhamdulillah. Sijui kama alitaka kulisikia neno hilo siku ile, lakini sikuwa na jingine la kumpa.