Viumbe wa Dakika Mbili

Sinema yetu ilikuwa sanduku la mbao lenye dirisha mbele na miti miwili ya ufagio ndani. Rafiki yangu, mchora ramani wa mgodi uliokuwa umesimama, alichora nyuma ya ramani kuukuu, tukaziunganisha kwa uji wa muhogo, nami nikazungusha ukanda huo kwenye miti na kutoa sauti zote. Mikono na midomo aliikata kando akaifunga uzi, ili wahusika waweze kupunga na kutafuna. Shule niliiacha mapema. Nilishabeba magunia ya madini, nikauza makaa hadi Mwadingusha, nikachoka upesi kila mahali. Sanduku lile peke yake liliniketisha.

Hadithi ilikuwa ya kuchekesha: kapiteni anageuza kichwa cha treni kuwa roketi, anaruka nyota hadi nyota akitafuta vipuri.

Lakini rafiki yangu hakuichora kwa ajili ya watoto wa mtaa. Mke wake alizaliwa hapa hapa Likasi, ila wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai. Tangu watu wa kwao walipofukuzwa mjini kama wageni na kurundikana stesheni kungoja treni, hakuketi tena na majirani. Mumewe alitaka kumsikia akicheka uwanjani, basi.

Onyesho la kwanza mke huyo alifika hadi mlangoni pake, mwiko mkononi. Roketi ikatua kwenye nyota ndogo, ambako viumbe wawili wenye macho matatu walipaswa kuonyesha njia kwa dakika mbili na kupotea. Kapiteni akawauliza, "Munatoka wapi, benyewe?"

Siku zile swali hilo liliulizwa vizuizini, na jibu lake liliweza kukupandisha treni. Mwanamke akarudi ndani.

"Hawa tuwafute," alisema rafiki yangu. "Kibao kitaonyesha njia. Kibao hakiulizwi kwao ni wapi."

Nilikataa. Ndio viumbe wa kwanza niliowabuni mwenyewe. Nikawatoa jicho la tatu, wakafanana na watu. Nikawapa vitambi, jirani akasema namcheka shemeji yake. Nikawalisha mawe, mchimbaji akakasirika. Kila nilichowapa kilikuwa na mwenyewe mtaani. Mwisho nikaachana na miili, nikawatafutia sheria: kwenye nyota yao, aliyefika mwisho ndiye mwenye nchi, na wa zamani wote ni wageni wake.

Jumapili iliyofuata kapiteni aliteremka kimya. Viumbe wakamwangukia miguuni kama bosi wao.

"Karibu, patron! Shiye tuko bageni tu, tuko hapa tangu babu zetu. Utuonyeshe mayi ya kunywa iko wapi!"

"Minye? Minye nafika sasa hivi!" akasema kapiteni.

"Njo maana uko mwenye nchi, patron!"

Wakamwomba ruhusa ya kulala, ya kupika, ya kuoa. Kapiteni akaanza kuzoea. Akatoa kifua, akagawa mashamba. Ndipo mbuzi wake akashuka kutoka kwenye roketi, na viumbe wakamwacha kapiteni na mkono wake hewani, wakamkimbilia mbuzi.

"Karibu, patron!"

Watu walicheka hadi benchi likapinduka. Mama mmoja muuza mikate, mkongwe wa uwanja ule, alifuta machozi kwa kitenge, akageukia mlango wa rafiki yangu.

"Mama! Weye njo ulihamia mwisho hapa uwanjani. Patron! Utuambie tuikale wapi!"

Mke wa rafiki yangu alikuwa amesimama kizingitini. Nilishika mti wa ufagio nisizungushe. Alimtazama yule mama, akatazama sanduku.

"Mutoke mbele ya mlango yangu kwanza," akasema, "minye siko naona kitu huku."

Wakasogea wote, wakiinama kama mbele ya chifu, mama wa mikate akiongoza. Mke wa rafiki yangu akaja na kiti chake, akakaa mstari wa mbele.

"Na huyu mwenye sauti ya mbuzi," aliongeza, "arudishe picha nyuma, aanze tena."

Alipocheka, mumewe alikuwa ameinama nyuma ya sanduku, akijifanya kufungua fundo lisilokuwepo.