Gari la Namba za Kwao

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hata ukimpelekea suruali iliyochanika gotini, yeye huanza kwa kukagua pindo la chini. "Nguo huanza kufa miguuni," alikuwa akisema, na kazi ya goti unaifuata kesho.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, ugenini, na chumba cha nyuma alilala na mumewe. Walikuwa wamekaa nchi ile mpaka watoto wa jirani waliowakuta wanatambaa sasa wana wake. Hata hivyo mumewe husema, "Sisi tunapita tu." Na ushahidi wake ulikuwa gari la bluu lililopauka, limeegeshwa ubavuni mwa nyumba chini ya turubai ambalo mkewe alilishona kwa sindano ya magunia. Namba zake zilikuwa za kwao. Mume, aliyewahi kuendesha malori na bado anaitwa Dereva, hakutaka kusikia habari ya kuzibadilisha. "Mimi nikizeeka nitasahau njia," alisema, "lakini gari lenye namba zile linajua kwao."

Gari la kigeni hupewa muda tu, na bima yake hukatwa mpakani siku linapoingia. Kwa hiyo kila muda ulipokaribia kwisha, wawili hao walikwenda mpakani "kulizungusha". Wanavuka upande wa kwao, wanageuza gari, wanakunywa chai, wanarudi kama wageni wapya wenye kibali kipya na bima mpya. Dereva hakosi kujisaidia nyuma ya malori ya kwao, kisha anapanda garini akisema, "Nimelipa kodi ya taifa langu." Mkewe hujifanya hajasikia.

Kisha kiharusi kikamlaza. Kikachukua upande wote wa kulia na maneno yake karibu yote. Haukupita muda, figo nazo zikachoka, ikawa mara tatu kwa wiki lazima apelekwe hospitali kusafishwa damu. Aliyewaendesha ni jirani yao mwenye pikipiki, waliyemwita Breki kwa kuwa hakuwa akizitumia. Lakini akishika gari la mzee, alikwenda kama aliyebeba mayai.

Kulizungusha gari hakukuwezekana tena. Mwenyewe lazima awepo mpakani, na safari ni ya kutwa nzima. Mama Pindo akawaza, akapata la kufanya: akamwomba shemeji yake aliyebaki kwao akate bima huko, atume stika kwa basi. Ilipofika aliibandika kiooni kwa mkono wake, akamshukuru Mungu. Kwa akili yake, bima ilikuwa kama dua. Mtu akikuombea nyumbani, inakufikia popote ulipo, na hakuna mpaka wa kuizuia.

Siku moja wakitoka hospitali, trafiki akawasimamisha. Aliisoma stika, akazunguka gari, akamtazama mgonjwa kiti cha nyuma.

"Mama, hii bima ya wapi?"

"Ya gari hili, mwanangu."

"Nakuuliza ya wapi."

"Ya kwetu."

"Ya kwenu inalinda kwenu. Huku mkimgonga mtu, hii ni pambo la kioo." Akashusha sauti. "Namwona mzee. Leo mpelekeni nyumbani. Lakini nikilikuta tena barabarani bila bima ya hapa, nalivuta."

Kesho yake Mama Pindo alivaa nguo yake ya ibada akaenda ofisi ya bima. Binti wa kaunta alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata, na hiyo ikawa mbaya zaidi, maana mtu mkali angalau unaweza kumlaumu.

"Gari la kigeni linakatiwa mpakani linapoingia, mama. Likishakaa ndani, mfumo haulipokei."

"Basi andika limeingia leo."

"Nitakuwa nimesema uongo, mama."

Mama Pindo akainamisha uso. Maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu aseme uongo, na leo neno limemtoka kama kikohozi.

"Njia nyingine ipo," binti akaendelea. "Lilipiwe ushuru, lisajiliwe hapa, lipewe namba za hapa. Ukija nazo, nakukatia bima palepale." Akampa fomu ya kupeleka forodhani. "Mwenye gari atie sahihi. Kama mkono hauwezi, dole gumba."

Ushuru Mungu aliufungulia mlango: wenzake wa sala walimlipa mapema kazi ya sare, na forodha wakakubali apeleke kidogo kidogo. Likabaki dole gumba.

"Hapana," Dereva alisema.

"Ni bati tu, mzee wangu. Bati lililopakwa rangi."

"Hapana." Akahangaika na ulimi wake, akanyoosha mkono wa kushoto dirishani, kuelekea turubai. "Kwetu."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Dereva ilikuwa bati lile. Mkewe alilielewa hilo, ndiyo maana hakupiga kelele.

Safari ya kwanza walikodi teksi. Lakini teksi ya mara tatu kwa wiki ingekula cherehani na meza yake. Safari ya pili walijaribu basi. Konda alimtazama mzee anavyobebwa, akagonga bodi, basi likaondoka. Mzee akakosa kusafishwa damu, miguu yake ikaanza kuvimba. Ukiibonyeza, shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Akawa analala ameketi, kwa kukosa pumzi.

"Breki, huwezi kupita njia za nyuma?"

"Naweza, mama. Na wakinikamata huko nyuma, mzee atabaki barabarani na nani?"

Mfa maji haachi kutapatapa. Mama Pindo alirudi ofisi ya bima akakaa benchini, bila neno jipya la kusema. Binti akamletea maji ya kunywa. Alisali akishona, alisali akifua mashuka, mpaka sala yote ikaisha likabaki neno moja: Baba, Baba.

Mchana mmoja, Dereva akiwa amesinzia juu ya mito, mkewe alichukua ile fomu na kalamu akaketi kando ya kitanda. Alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu asubuhi akiwa jikoni, mpaka uji ukaungua. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Muuguzi aliwahi kuuchoma sindano na mzee hakujua. Basi hatajua. Siku atakayoziona namba mpya atakasirika, na heri akasirike akiwa hai.

Akaushika ule mkono. Ulikuwa mzito kama nguo mbichi. Akalipaka dole gumba wino wa kalamu, taratibu, kama anayechora mstari wa kukatia kitambaa cha mtu asiyemjua. "Mungu wangu, nisamehe," alinong'ona, akalisogeza juu ya karatasi.

"Hicho kimekufa."

Macho ya Dereva yalikuwa wazi. Mkewe hakujua yamefumbuliwa tangu lini. Akaiweka karatasi magotini.

"Nilitaka kukuibia, mzee wangu."

"Najua."

Akapumzika, akatafuta hewa. Kisha akauinua mkono wa kushoto, akauvusha polepole juu ya kifua chake mpaka ukafika kwenye magoti ya mkewe.

"Hiki," alisema. "Hiki hai."

Mama Pindo alishindwa hata kulipaka wino vizuri. Dereva akaligandamiza mwenyewe, kwa muda mrefu, mpaka ukucha ukawa mweupe. Halafu akaonyesha dirisha.

"Bati. Niletee."

Aliyafungua yote mawili kwa bisibisi ya cherehani, bado yana tope la safari ya mwisho ya mpakani. Akalilaza la mbele kifuani mwa mumewe, naye akalikumbatia kwa mkono ule mmoja. Breki, aliyekuja kuuliza hali, alisimama mlangoni akatazama.

"Mama, na sasa halina namba yoyote. Hata wezi wataliogopa."

Hakuna aliyecheka, ila Dereva alipandisha kona moja ya mdomo, ile inayopanda.

"Kaa naye," Mama Pindo akamwambia Breki. Jua lilikuwa limeshainama, na forodha hufunga mapema. Kutoka kitandani pumzi za mumewe zilisikika hadi barazani, fupi, zikikwama na kuanza upya.

"Wahi," akamsikia akisema.

Akaibana fomu kifuani akakimbia, kandambili za ndani zikimpigapiga visigino.